Ajay Asimalize Mechi

JOKHA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

AMEIR: Ni mie, Jokha. Ameir.

JOKHA: Kaka? Mbona namba siijui?

AMEIR: Simu ya Telesphor hii. Yangu imekanyagwa. Assalaam aleykum.

JOKHA: Waaleykumu ssalaam. Imekanyagwa na nani?

AMEIR: Mechi iliharibika. Weye u mzima?

JOKHA: Mzima. Iliharibika vipi? Munir namtumia meseji tangu saa nane, hajibu hata moja. Unaye hapo?

AMEIR: Sinaye. Mie n'po— [mkwaruzo] —tali.

JOKHA: Wapi? Unakatika.

AMEIR: Spitali! N'po spitali, nje ya chumba cha operesheni.

JOKHA: Nani anapasuliwa, Ameir?

AMEIR: Si Munir. Nisikilize vizuri. Si mumeo.

JOKHA: Nimesikia. Nani?

AMEIR: Ajay.

JOKHA: Ajay yupi? Ajay wa Mama Hemali, wa mtaa wa Neasden?

AMEIR: Huyo huyo.

JOKHA: Si ulimfundisha mwenyewe huyo? Miaka mitatu kwenye rizevu yako, ile timu ya akiba, Ramadhani anakuja kufuturu kwako kama mtu wa nyumbani!

AMEIR: Alikuwa wangu. Msimu huu kahamia kwa wenzetu. Leo tulicheza nao.

JOKHA: Kafanywa nini?

AMEIR: Kapigwa kiwiko cha taya. Limevunjika pahala pawili. Halafu akaanguka kichwa mbele, na ardhi unavyojua Julai hii haijaona mvua, ngumu kama saruji. Damu imevujia ndani ya kichwa.

JOKHA: Ya Rabi. Kapigwa na nani?

[kimya]

JOKHA: Haloo? Umekatika?

AMEIR: Nipo.

JOKHA: Nani kampiga?

AMEIR: Munir. Jokha, kaa kitako kwanza—

JOKHA: Nimesimama, na ntasimama. Yuko wapi?

AMEIR: Polisi wamemchukua. Walimtia pingu pale pale uwanjani, na jezi yake imerowa damu. Lakini usilie, ntatafuta wakili, kuna Mhindi mmoja—

JOKHA: Silii. Watamlaza huko?

AMEIR: Leo watamlaza, ndiyo.

JOKHA: Na kesho?

AMEIR: Kesho sijui. Inategemea Ajay atakuwaje. Mbona unauliza hivyo?

JOKHA: Nauliza tu. Hebu nihadithie ilivyokuwa. Yote, usinikatiekatie.

AMEIR: Simu ya watu hii, chaji yenyewe—

JOKHA: Yote, Ameir.

AMEIR: Haya. Mchezo wenyewe unaujua, ule mpira wetu wa yai wa Kiaustralia. Kota nne, vipindi vinne. Basi kota ya kwanza na ya pili Ajay alituonea. Kila mpira wa juu ni wake. Anaruka, anamwekea mtu goti mgongoni, anapanda juu yake kama ngazi, anadaka. Goli nne, Jokha. Na mtu wa kumkaba alikuwa Munir.

JOKHA: Akashindwa.

AMEIR: Akashindwa, kwa sababu kule kuruka nilimfundisha mie! Jumanne na Alkhamisi, baridi, mvua, miaka mitatu. Na kila akifunga, anageuka ananitazama mie pale kwenye mstari.

JOKHA: Kwa dharau?

AMEIR: [anavuta pumzi] Hapana. Kama zamani. Kama anangoja nimwambie vizuri.

JOKHA: Endelea.

AMEIR: Kocha mkuu alikuwepo. Yule Muaustralia wa timu ya kwanza. Kasimama nyuma yangu kota mbili nzima, hasemi neno. Mwisho wa mwezi huu anachagua msaidizi wake. Miaka sita mie n'na rizevu, Jokha. Napewa watu hawajui hata kupiga teke, nawachonga, wakishaiva anawachukua yeye. Mie narudi kuanza alifu.

JOKHA: Hayo nimeyasikia kila Idi. Mapumziko ikawaje?

AMEIR: Mapumziko akanambia, rizevu yako laini. Akaondoka. Neno hilo tu. Laini.

JOKHA: Ukamwendea Munir.

AMEIR: Sikumwendea. Kocha haingii uwanjani mchezo ukianza. Tuna mtu wa kukimbia na maneno, anavaa fulana ya njano, anamfuata mchezaji anamfikishia alichosema kocha. Kwetu ni Telesphor.

JOKHA: Ukampa maneno gani?

AMEIR: Kota ya tatu ilipoanza nikamwambia… amwambie Munir amkabe Ajay kwa nguvu zaidi.

JOKHA: Ndivyo ulivyosema?

AMEIR: Maana yake ilikuwa—

JOKHA: Maana yake niachie mie. Nipe yalotoka mdomoni.

[mkwaruzo]

JOKHA: Usijitie mtandao mbovu, nakusikia unavyohema.

AMEIR: Nilisema, mwambie Munir, Ajay asimalize mechi.

[upande wa Jokha, kitu kinaburutwa]

AMEIR: Kwenye mchezo watu husema, Jokha. Kila kocha husema! Hakuna anayekusudia—

JOKHA: Munir alikusudia.

AMEIR: Mpira ulikuwa mbali. Hatua sitini, mwisho kule, na refa anatazama kule. Ajay alikuwa kasimama peke yake, mikono kiunoni. Kanigeukia mie. Nadhani alitaka kunambia kitu, alikuwa anacheka. Munir akaja kwa nyuma mbio zote, kiwiko kimetangulia. Ule mlio… Telesphor alikuwa ng'ambo ya uwanja na anasema aliusikia. Meno yaliruka kwenye majani. Niliyaona yakiruka.

JOKHA: Akaanguka.

AMEIR: Akaanguka kama nguo. Mie nikadhani yamekwisha. Wallahi nikadhani yamekwisha! Munir akamgeuza chali, akampandia juu. Goti kifuani, ngumi. Moja, mbili… Mtu hajitambui, hakunji hata mkono kujikinga, na yeye anapiga tu. Ngumi sita, saba. Kile kiwiko nilikituma mie, Jokha. Zile ngumi sikuzituma.

JOKHA: Hukuzituma.

AMEIR: Ndiyo! Sikuzi—

JOKHA: Sijasema kuwa nakubaliana nawe. Halafu?

AMEIR: Halafu wote wakaingia. Thelathini na zaidi. Mmoja wao kampiga Munir na chupa ya maji, zile za chuma, kapasuka hapa juu ya jicho. Wetu wakamrukia yule, wakamkanyaga mkono mpaka vidole vikalala upande. Watu wazima, Jokha, mabwana wenye kazi zao, wanang'atana masikio! Nikaingia mie kumvuta Munir. Nikamshika kwa nyuma, namwambia ni mie, shemegi, ni mie. Akageuka akanitia ngumi ya uso. Akainua mkono wa pili.

JOKHA: Akakupiga wa pili?

AMEIR: Telesphor alimkamata. Lakini alinitazama hanijui. Macho yale, Jokha… Mie sijapata kuyaona.

JOKHA: Mie nimeyaona.

AMEIR: Lini?

JOKHA: Wewe hadithi yako hujaimaliza.

AMEIR: Lini, Jokha?

JOKHA: Miaka mitatu iliyopita, ulipomchukua Munir, alikuwaje?

AMEIR: Karani. Mpole. Akimwangusha mtu anasimama anamwomba msamaha, timu nzima inacheka.

JOKHA: Ukamfanyaje?

AMEIR: Nilimfundisha. Ndiyo kazi yangu, kumtoa mtu alipo nimfikishe mbele.

JOKHA: Ulimfanyaje, nauliza.

AMEIR: Nilimweka kati ya duara. Watu wanane, mmoja mmoja wanamvamia. Akisema samahani, wanaanza upya. Mpaka aache.

JOKHA: Akaacha.

AMEIR: Akaacha.

JOKHA: Akaacha na nyumbani.

[mkwaruzo]

AMEIR: Mkono wako ule, Idi iliyopita… Uliniambia uliteleza bafuni.

JOKHA: Nilikwambia, na ukanisadiki upesi upesi.

AMEIR: Jokha—

JOKHA: Kabla ya mkono nilikuja kwako. Nilipanda basi mbili nikaja mpaka mlangoni, nikakwambia Munir kabadilika, namwogopa. Unakumbuka ulinijibu nini?

AMEIR: Sikumbuki.

JOKHA: Unakumbuka.

AMEIR: [sauti ya chini] Nilisema anajifunza kujiamini. Nilisema umwachie.

JOKHA: Ulikuwa unatia upepo mipira, ukanijibu bila kuniangalia. Nikamwachia. Nimemwachia miezi kumi na minne, Ameir. Alkhamisi hii alinikaba koo kwa ajili ya soksi zake za mpira, nilizifua na nguo nyeupe zikabadilika rangi. Alinikaba mpaka nikaona kiza. Aliponiachia akaenda mazoezini kwako.

AMEIR: Alkhamisi… Alkhamisi nilimsifu. Mbele ya wenzake. Nilisema jamani leo mtizameni Munir, alivyokuja na moto.

JOKHA: Basi huo ndiyo moto wenyewe.

AMEIR: Allah anilaani.

JOKHA: Usijilaani, sina nafasi ya kukubembeleza.

AMEIR: Hiyo sauti ya nini? Kama kitu kinakwaruzwa.

JOKHA: Zipu.

AMEIR: Zipu ya nini?

JOKHA: Ya sanduku. Ilikwama, sasa imefunga. Unadhani meseji nilizokuwa namtumia ni za nini? Mahaba? Nilitaka kujua anarudi saa ngapi. Nilikuwa nihame leo, mechi ikiendelea. Mwanabaraka, yule tunayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee, kanipa chumba. Simu ilipolia kwa namba ngeni, nikajua ni yeye kaazima simu, yuko njiani.

AMEIR: Na mie nikakwambia usilie.

JOKHA: Ukaniambia analazwa polisi. Nilikaribia kukushukuru.

AMEIR: Jokha, sikiliza. Polisi wawili wapo hapa, wanawahoji watu mmoja mmoja. Kocha mkuu kanipigia kwa simu hii hii. Kanambia niseme nilimtuma Telesphor na neno moja tu, mkabe. Basi. Kasema nikijilinda nitailinda klabu.

JOKHA: Na Telesphor?

AMEIR: Kakaa hapa ubavuni kwangu. Hatosema kabla yangu. Ananingoja. [mkwaruzo] Nikisema kweli, mzigo wa Munir utapungua, maana katumwa. Nikinyamaza, wote wake, atakaa ndani miaka. Sasa baada ya haya uliyonambia, sijui. Nambie weye. Unataka nini? Nikinyamaza yatosha?

JOKHA: Unanipa mie nikuchagulie?

AMEIR: Nakuuliza tu—

JOKHA: Hapana, bwana. Usinifanye mie kocha wako. Unataka unyamaze kwa jina langu, ukalale huku unajiambia umemtetea dadako. Hunitetei kwa uongo. Sema uliyoyasema, yote. Na mie ntasema yangu, shingo yangu ushahidi, picha ninazo. Mwanabaraka ananipitisha kituo cha polisi kabla ya kwenda kwake. Wayapime wao.

AMEIR: Ntapoteza timu.

JOKHA: Ipoteze.

AMEIR: Sina kingine ninachokijua, Jokha. Mie kufundisha watu ndiyo—

JOKHA: Mama Hemali yupo hapo?

AMEIR: …Yupo. Kaja na mkoba wa chakula, alikuwa kamletea mwanawe ale baada ya mechi. Kaushika mpaka sasa. Kaja akanikamata mikono yote miwili, akanishukuru. Anasema kocha wake wa sasa hajatokea, mimi wa zamani ndiye niliyekuja.

JOKHA: Ukamwacha akushukuru.

AMEIR: Nikamwacha.

[mkwaruzo]

AMEIR: Ngoja. Ngoja ngoja— daktari katoka.

JOKHA: Kasemaje?

AMEIR: Anazungumza naye. Subiri… Mama Hemali kakaa chini. Kakaa chini sakafuni, Jokha—

JOKHA: Kafa?

AMEIR: Sijui, ngoja— [sauti za mbali] —Hai! Yu hai. Telesphor kasikia vizuri, anasema yu hai. Damu wameitoa. Taya wamelifunga na waya. Jicho la kushoto… wanasema jicho la kushoto huenda halitaona tena. Na kucheza basi. Hatocheza tena.

JOKHA: Alhamdulillahi yu hai.

AMEIR: Alhamdulillahi. Mama Hemali ananipungia. Ananiita. Anataka na mie nisikie kwa daktari. Na askari yule mwanamke anakuja na kidaftari chake, kanitaja jina.

JOKHA: Basi nenda.

AMEIR: Nianze na nani?

JOKHA: Na Mama Hemali. Asije akayasikia kwa polisi. Mwambie askari akupe dakika moja, mwendee mama wa watu, mwambie kwa maneno yale yale.

AMEIR: Atanipiga, Jokha. Mbele ya watu wote.

JOKHA: Akupige. Usijikinge.

[honi ya gari]

JOKHA: Mwanabaraka kafika, kasimama pabaya, atapigwa faini. Nashuka.

AMEIR: Sanduku zito? Nimtume mtu—

JOKHA: N'na mikono. Mrejeshee Telesphor simu yake.

AMEIR: Inalia chaji. Jokha, ukifika kituoni, n'tafute kwa—

JOKHA: Ntajua pa kukupata. Assalaam aleykum, kaka.

AMEIR: Jokha, mie— Ndiyo, afisa. Ndiyo, ndiye mimi. Naomba dakika moja, kuna mama pale lazima nimwambie kitu kwanza—

[simu inazimika]