Swaib Hakugusa Mpira Mbale

Jumapili ile kijiwe chetu cha Walukuba kilikuwa kama matanga. Sisi hukaa kwenye benchi mbele ya birika la Twaibah muuza kahawa, ukuta kwa ukuta na chumba cha gemu cha Nusifa, na siku nyingine kelele zetu husikika mpaka barabarani. Siku hiyo hata vikombe viliwekwa chini polepole. Swaib, mdogo wake Nusifa, yule tuliyempa jina la Bomu, alikuwa amekwenda Mbale jana yake kushindania gemu ya besiboli, ile ya kwenye televisheni. Hapa Jinja hakuna aliyemweza. Mpira ukirushwa, anabonyeza, gongo linaupiga, unavuka ukuta wa uwanja, hilo ndilo bomu, nasi tunaruka. Na aliyafanya hayo kwa mkono wenye vidole vitatu, maana mashine ya kiwanda cha mbao ilichukua viwili. Basi huko Mbale hakugusa mpira hata mmoja.

Aliyeleta habari ni Masaba, mwendesha boda tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Yeye kwao ni Mbale, na ndiye aliyemsindikiza.

— Nimeona na macho yangu, bwana, alisema Redio. Mpira inakuja, Swaib anapiga hewa. Inakuja tena, hewa!

— Yallah! Twaibah akashika kifua. Hata mmoja?

— Hata moja! Watu ya Industrial, ile mtaa ya kwetu, wakaanza kucheka. Lakini Wanyera, bingwa yao, hakucheka. Alishika mdomo tu, kama mtu ameona ajali.

— Si wahenga walisema, akadakia Alfayo, mgeni njoo, mwenyeji apone? Mgeni alienda, mwenyeji akapona!

Alfayo ni dereva wa lori kutoka Kenya. Lori lake liko gereji tangu mwezi uliopita, na sisi tunamwita Breki.

— Breki, hiyo methali haina maana hiyo, nikamwambia.

— Ina maana gani basi? Shida ilikuwa padi, ile ya kubonyezea. Walimpa padi mbovu.

— Hapana, afande, Redio akakataa. Walibadilisha padi mara mbili. Mimi nasema ni upepo. Kule kwetu upepo inashuka kutoka mlima ya Wanale, inasukuma mpira.

— Upepo gani unaingia ndani ya televisheni? Breki akauliza.

— Wewe umewahi kuishi chini ya Wanale? Nyamaza basi.

Twaibah akamimina kahawa, akainama kama anayetoa siri.

— Mimi naitazama ile fulana nyekundu aliyovaa. Nani alimpa? Kikulacho ki nguoni mwako. Mngeikagua mishono.

— Fulana nilimpa mimi, nikasema.

Wote wakanitazama. Nikanywa kahawa haraka, nikaungua ulimi.

— Nisikilizeni, Breki akasema, sasa amesimama kabisa. Hizi mashine zinajuana. Ile ya kiwandani ilionja vidole vyake. Damu ikionjwa, imeonjwa. Hii ya Mbale imemtambua, ikasema, ndiye huyu, tummalizie...

— Nyamaza, Alfayo!

Ni Nusifa. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, ushungi umelegea. Hatujawahi kumsikia akipaza sauti, hata wateja wake wakipigana.

— Hakuna upepo, akasema. Hakuna mashine iliyoonja kitu. Ni mimi.

— Wewe umefanya nini, dada? Redio akauliza.

— Hiyo gemu ina ngazi. Unaingia kwenye setingi, unachagua kupiga kuwe rahisi au kugumu. Ukiweka ya chini kabisa, mpira unakuja polepole, hata ukichelewa kubonyeza gongo linaufikia. Mimi niliiweka hapo. Mbale wanachezea ya juu.

Twaibah akaacha birika likimwaga kahawa mchangani.

— Tangu lini?

Sauti ilitoka ndani, nyuma ya Nusifa. Sisi tulidhani Swaib amelala nyumbani. Kumbe alikuwa humo muda wote, na yote ameyasikia, pamoja na yale ya damu. Breki akakaa chini.

— Tangu lini, dada?

— Tangu siku ya kwanza, Nusifa akamjibu bila kugeuka. Ulikuwa huli, husemi na mtu. Ulijaribu, ukakosa, ukaiweka padi chini. Nikaona unarudi kulala. Ulipotoka kunawa uso, nikaishusha. Ukapiga, Swaib. Ukacheka! Sikuwa nimesikia kicheko chako tangu hospitali. Ningeipandisha kwa moyo gani?

— Ukaniacha niende Mbale.

— Niliogopa kukwambia.

Swaib akasogea mlangoni. Mimi nilidhani ataubamiza mlango aondoke, pengine asirudi.

— Njoo unionyeshe inabadilishwa wapi, akasema.

Tukajazana mlangoni. Nusifa akafungua setingi, mdogo wake akapandisha mwenyewe mpaka pale walipochezea Mbale. Mpira wa kwanza ulipita hata sikuuona. Hewa. Wa pili, hewa. Akakosa, akakosa, jasho likamtoka. Redio akageuza uso. Swaib akakunja kile kiganja, akakinyoosha, akashika padi upya.

Tok!

Gongo liliugusa mpira kidogo tu. Ukapinda, ukatoka nje ya mstari, ukaangukia kwa watazamaji wa kwenye televisheni, na alama zikabaki sifuri. Swaib akaruka, akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga kwa mabomu yake yote. Nusifa akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakicheza. Na sisi, Mungu anisamehe, tukakumbatiana kama tumetwaa kombe.

Nyuma yetu alikuwa amesimama Orpah, muuza vitunguu kutoka upande wa Kenya, aliyekuwa akisubiri boda ya kwenda Mpumudde. Akachungulia juu ya mabega yetu.

— Samahani, jamani, akauliza. Kwani hiyo inahesabika?

Redio akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Twaibah.

Ndani, Swaib alikuwa bado anaruka.