Orrin Halvorsen na Bega la Bi. Verna

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye karakana yetu ya risasi hapa Montana, Bwana Orrin Halvorsen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba. Keki imeagizwa, kahawa itakuwepo, na wasifu huu utasomwa mbele ya kaunta, watu wote wakisikia. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Tulipombembeleza abadili mawazo, alitufukuza.

Orrin alijaza upya maganda ya risasi za bunduki za wenzo, zinazokokiwa kwa mkono wa chuma chini ya kitako, zile za enzi za mababu ambazo wafugaji wa huku hawaziachi ng'o. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila risasi inatoka kwa kasi ile ile. Aliyakata maganda yawe na urefu mmoja, akayabana midomo kwa nguvu moja, na ole wako umsemeshe akipima baruti! Siku moja mkewe, Lorna, alipiga simu kusema ghala linaungua. Orrin akamwambia asubiri kidogo. Ghala lilipona, na ndoa pia, kwa shida.

Sasa lile la aibu. Maganda ya zamani ni makubwa na baruti ya siku hizi ni kidogo, hivyo ndani hubaki nafasi, baruti ikacheza. Ikilala nyuma, karibu na fataki inayoiwasha, risasi hutoka kwa kasi. Ikilala mbele, huzubaa. Orrin alipojaribu risasi zake, kila mara aliinua mtutu juu kwanza, baruti ikalala nyuma, kisha akaushusha polepole. Mkono ulishazoea, hata hakujua anafanya hivyo. Kwa hiyo kwenye kipimo chake, kile chombo cha kupimia mwendo wa risasi, kasi haikuyumba kamwe.

Bi. Verna Stutzman, mfugaji, alinunua risasi hizo kwa bunduki ya marehemu baba yake. Akiwa juu ya genge, alimpiga kulungu aliyekuwa bondeni, mtutu ukitazama chini. Risasi ikashuka, ikamvunja mnyama mguu, naye akatokomea vichakani. Verna alimtafuta mpaka giza likaingia, asimpate. Alipokuja kuuliza, Orrin alimjibu mbele ya wateja: "Dada, risasi zangu hazina kasoro. Kasoro iko begani mwako." Tukacheka, jamani. Tulicheka sana. Verna aliliacha boksi kwenye kaunta, akaenda kuitundika ile bunduki ukutani, na hajawinda tena.

Mwaka huu Orrin alifanyiwa upasuaji wa mkono, ikabidi nimsaidie kufyatua. Mimi huinamisha mtutu kabla ya kulenga, ndivyo baba alivyonifundisha. Kasi ikaporomoka. Orrin akanitukana, akakitukana na kipimo, kisha akaitazama mikono yangu. Akakaa chini. "Maskini Verna," akasema, akajifunika uso kwa kofia.

Alimfuata shambani kwake kumwomba radhi. Verna hakumkaribisha ndani. "Hukunidhalilisha hapa," alimwambia. "Kaseme kule kule."

Orrin, asante kwa kazi yako yote, na kwa kukubali tuisome karatasi hii ukiwa umesimama hapo. Tunakuombea mkono upone, Lorna asikuchoke, na usingizi uwe mwororo.

Maneno ya mwisho, kama ulivyoagiza, si yako. Bi. Verna, asante kwa kuja. Bega lako halikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye risasi zetu, na sisi tukacheka.