Élisée Kamate na Lori Lililonguruma kama Vifaru

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ni nzito, mnivumilie. Élisée Kamate hayupo tena. Papa Laurence wa mtaa wa Mapendo, yule wa sono, mpiga muziki wa harusi, hayupo. Ameuawa Kalengera, juu ya lori la kijeshi. Na hakuwa askari. Narudia: hakuwa askari.

Wengi wenu mmeoa na kuolewa kwa muziki wa mabafle yake, zile spika kubwa. Ndiye aliyepunguza muziki kila wazee walipoingia ukumbini. Pale mtaani Himbi, umeme ulipokatika bibi harusi akiwa mlangoni, Kamate alimwimbia kwa mdomo wake mpaka akafika kitini, wageni wakiitikia.

Jumatatu alifuatwa nyumbani na watu wenye silaha. Walikuja na lori lao la kubebea maji. Wakamwamuru afunge mabafle yake juu, aende nao kuwatangazia raia watulie. Angekataaje?

"Aliniambia ni matangazo tu," anasema mjane wake, Mama Kahambu. "Akasema, 'Mama Laurence, nitarudi kesho. Usihangaike.'"

Jumanne asubuhi, huko Kalengera, ukungu ukiwa bado umefunika barabara, aliambiwa awashe. Hakukuwa na tangazo. Mabafle ya harusi yalitoa mngurumo wa vifaru. Vifaru vingi, vikipanda mlima! Ilikuwa hila ya kumtisha adui akimbie. Kifaru hakikuwapo, wasikilizaji. Hata kimoja.

Adui hakukimbia. Waliokimbia ni raia. Akina mama walitupa majembe shambani, wakanyakua watoto, wakaelekea moja kwa moja kwenye bunduki za upande wa pili.

Dereva wa lori, Théogène, alinusurika. Ndiye anayetusimulia: "Bombe ya kwanza ilianguka karibu, siye wote tukaruka. Nikamuita: Papa, shuka! Hakushuka. Alikata ile makelele, akakamata mikro."

Bonde zima likamsikia: "Bamama, musiende kule! Hakuna kifaru! Ni bafle tu! Mulale chini! Mulale chini!"

Wakalala. Bomu la pili likalipiga lori.

Alhamisi tulimzika. Mama Kahambu hakulia. Kila aliyeingia msibani, yeye alimuuliza, "Bwana yangu alikuwa anatafuta nini mu vita?" Kisha akaingia Mukagasana, mkulima wa Kalengera, mtoto mgongoni, kitenge bado kina matope. Akapiga magoti mbele ya mjane.

"Mama, sura yake sikuiona. Nilisikia sauti tu. Nikalala chini na huyu mutoto."

Hapo ndipo Mama Kahambu alipolia.

Kwako Mama Kahambu, kwa Laurence na ukoo wote wa Kamate: poleni. Poleni sana. Mungu awashike mkono.

Nasi tuliobaki tujiulize. Mtu alikuwa na kazi yake ya furaha. Wakaichukua, wakaifanya kitisho kwa mama zetu. Kesho watabisha kwa nani?

Leo hatuweki wimbo, wasikilizaji wapendwa. Tunyamaze kidogo.