Mbuzi wa Kutus na Mkutubi Aliyemzua

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo namkumbuka mtu ambaye hakuamini nyota. Si nyota za mbinguni. Nyota zile wasomaji wanazogawia vitabu mtandaoni.

Shakir Abdulatif, mkutubi wa maktaba yetu ndogo hapa Gatitu, ametutoka. Tumemzika juzi.

Maktaba ilipofungua ukurasa wa mtandao, msomaji aliweza kusifu kitabu, kukipendekeza na kubishana na wenzake bila kutoka kitandani. Sifa zikamiminika. Ukumbi wa kusomea ukabaki mtupu. Shakir akashuku kama vitabu vinasomwa kweli. Kamati ya maktaba nayo, ilipoona sifa, ikataka kuufunga ukumbi, ukurasa ubaki.

Ndipo Shakir alipozua kitabu. Narudia: alizua kitabu. Aliweka jina tu pale ukurasani, “Mbuzi wa Kutus”, akanyamaza.

Nyota zikanyesha kama mvua ya Aprili. Mmoja akaandika kwamba alilia ukurasa wa mwisho. Mwingine akasema kwa Kikuyu ni kitamu zaidi. Wawili wa Nanyuki walitukanana juu ya tabia za yule mbuzi mpaka wakanyimana salamu mnadani.

Siku ya mkutano, Shakir akamuuliza mwenyekiti wa kamati, Bwana Kahiga, kama anakijua kitabu hicho.

“Hiyo kitabu nilisoma nikiwa shule. Iko sawa sana.”

“Na mwisho mbuzi alienda wapi, mwenyekiti?”

“Si alichinjwa?”

“Na nani?”

Kahiga akatazama dari. “Wewe Shakir, ati sasa unanipatia mtihani?”

“Hakuna mbuzi, mwenyekiti. Hakuna kitabu. Mnataka kufunga ukumbi kwa ushahidi wa watu wanaosoma hewa.”

Ukumbi haukufungwa.

Jana nilimtembelea mjane wake, Samiha. Alinionyesha simu. “Ukurasa umejaa pole. Kila mtu ati alikuwa anasoma na yeye pale ndani ya ukumbi. Mimi nilikuwa nampelekea chai kila siku. Hawa watu walikuwa wamekaa wapi?”

Nikamrudishia simu yake.

Mama Samiha, pole wewe na jamaa yote. Mungu amlaze pema.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Wiki ijayo kamati inaujadili ukumbi upya, na safari hii hakuna Shakir wa kuuliza swali. Wengi mmeandika huko mtandaoni kwamba mtafika kuutetea. Ahadi zenu nimezisoma, zote tamu. Niruhusuni nisiziamini mpaka nione viatu vyenu mlangoni.