Hewa Safi ya Mshiriki Nambari 41

Benchi letu liko mtaa wa Umoja, nyuma ya karakana ya kuyeyusha vyuma vikuukuu, mahali ambapo moshi hufika kazini kabla ya wafanyakazi. Burale huuza kahawa ya tangawizi hapo. Wateja ni mimi, Opicho tunayemwita Gazeti, na Shiundu, tunayemwita Waziri kwa kuwa kila shida yeye "anaifuatilia". Mwaka juzi mkewe, Muhonja, alirudi kijijini kwao Vihiga kwa sababu ya pumu, na tangu hapo Waziri anafuatilia jambo hilo moja tu. Leo amekuja na barua ya chuo kikuu, kilichotundika mashine ya kupimia hewa mlangoni pake kwa wiki mbili. Nakala chifu ameibandika ubaoni na kuigonga mihuri mitatu: mmoja kwa kila pafu, na mmoja wa akiba.

— Niaje wasee. Someni wenyewe, Waziri akasema. "Mshiriki Nambari 41: hewa safi kuliko mitaa yote tuliyopima." Muhonja anapanda basi kesho.

— Safi? Gazeti akaruka. Buda, juzi nimeanika shati jeupe nikaanua la kijivu!

— Ni kahawa yangu, Burale akasema. Mvuke wa tangawizi unaosha hewa. Wallahi, hao wa chuo waniite nikafundishe.

— Wacha hizo. Ni nyama choma ya soko la Burma. Moshi wa mafuta ni mzito, unashika vumbi unalala nalo chini.

— Burma iko mbali, Gazeti.

— Kwani moshi unalipa nauli?

— Basi serikali ililipa vumbi likizo ya wiki mbili, nikasema mimi, mpaka wageni waondoke.

Tukacheka. Waziri hakucheka. Alikuwa akiikunja barua, akiikunjua, akiikunja tena.

— Waziri, nikamuuliza, mashine ilikaa mlangoni siku zote?

— Mchana ilikaa.

— Na asubuhi, karakana ikiwaka?

— Asubuhi niliitoa kidogo.

— Ukaiweka wapi?

— Kabatini. Kwa nguo za Muhonja. Aliacha leso mbili na ile sweta ya kwaya. Mle ndani bado kuna harufu ya mafuta yake.

Burale akamjazia kikombe bila kuambiwa.

Ndipo mama mmoja akasimama mbele yetu, vumbi hadi magotini.

— Hamjambo wazee. Mimi ni Nthambi, natafuta nyumba. Nimesoma kwa chifu kwamba hewa ya hapa ni safi. Mamangu yuko Mwingi, pumu inamtesa, nataka nimlete karibu na hospitali. Ile karatasi ni ya kweli?

Gazeti akatazama viatu vyake mwenyewe. Burale akainamisha birika, likatoa tone moja. Mimi, mwenye maneno mengi dakika tano zilizopita, nikasogea kumpisha akae.

Nyuma yetu karakana ikawasha tanuri. Waziri akatoa simu, akaishika muda mrefu kabla ya kupiga.

— Muhonja? Umeshafunga mizigo? ... Yote?

Akasikiliza. Nadhani alikuwa anasikiliza pumzi.

— Basi ifungue, mama. Najua asubuhi huko kuna baridi. Nitakutumia ile sweta.