Babu Aliyeshona Kofia Wembley

Afra alikuwa akirudi kutoka kazini, ndani ya basi la London litokalo Neasden kupitia Wembley, alipomsikia mzee wa kiti cha mbele akisema Kiswahili cha Unguja. Mzee huyo, Mansour, alikuwa akimwonyesha picha mwanamke Mkenya aliyeketi naye, nesi aitwaye Priscilla. Walikuwa wamejuana tangu kituo kilichopita tu, na tayari wanabishana.

"Huyu babu yangu," alisema Mansour. "Mwaka 1924 aliletwa hapa kwenye maonyesho makubwa ya dola ya Mwingereza. Banda lake lilikuwa pale penye maduka sasa. Akishona kofia, watu wakimtazama. Leo nnaipeleka picha library, waitundike."

"Mzee, huyu hakuja maonyesho. Huyu alionyeshwa," akajibu Priscilla. "Watu walilipa kiingilio wamwone. Usiwape."

"Alikuwa fundi, mwanangu."

"Na hapa chini wameandika nini? 'Mwenyeji wa Afrika akiwa kazini.' Hana hata jina."

"Ndiyo maana nnakwenda. Nikiificha ndani, jina lake wataliandika wapi?"

Priscilla aliisogeza picha karibu na macho. "Anaona baridi huyu."

"Anacheka," alisema Mansour.

Afra alinyoosha shingo akatazama, lakini hakuweza kuamua. Basi likasimama. Mansour akateremka, na Priscilla, aliyekuwa amesema anashuka mbele, Harrow, akachukua mkoba wake akamfuata. "Ngoja, Mzee, hatujamaliza!"

Basi lilipoondoka, Afra aliwaona wamesimama kando ya njia, wameiinamia picha, kila mmoja ameweka kidole chake mahali pake.