Akinyamaza, Andika

Mtafiti: Haloo? Nani mwenzangu?

Nesi: Nani mwenzako! Hata sauti ya mdogo wako huijui? Simu yangu imezima, hii ya nesi mwenzangu. Shikamoo, kaka.

Mtafiti: Marahaba, mama. Nisamehe, nimechoka hadi masikio. Tangu jana nahoji wakubwa wa hili shirika linaloikopesha serikali yetu.

Nesi: Bado unatafiti madeni ya dunia? Si yaishe tu—

Mtafiti: Yataishia wapi? [anacheka, anakohoa] Haya, sema.

Nesi: Ile ajira ya hospitali ya serikali, tumeitwa! Hapa zahanati naacha leo. Barua nimemwekea bosi mezani, akirudi kutoka kula ataikuta.

Mtafiti: Umeacha—? Ngoja. Haloo?

[mtandao unakwaruza]

Nesi: Nakusikia kwa mbali. Mbona hunipongezi?

Mtafiti: Hongera. Lakini mkataba mmeshasaini?

Nesi: Mwezi ujao. Kwani vipi?

Mtafiti: Ungesubiri kwanza, basi.

Nesi: Nisubiri nini? Hao wakubwa wamekwambia kitu?

Mtafiti: Wananiambia mengi. Ila kabla hawajafungua mdomo naahidi halitoki neno mpaka watangaze wenyewe. Nikivunja mara moja tu, hakuna atakayenifungulia mlango tena. Kazi yangu yote—

Nesi: Sikuulizi kazi yako, nakuuliza yangu! Watoto wangu wanakula kwa hii zahanati.

Mtafiti: Najua, mama. Najua.

Nesi: Basi nijibu. Serikali ikichukua mkopo wa hilo shirika, manesi wapya wataajiriwa?

[kimya]

Nesi: Kaka?

Mtafiti: Hapa... hapa kuna kelele.

Nesi: Kelele gani? Kimya kama msibani. Si wewe uliyeniambia, afisa ukimuuliza jambo akanyamaza, usirudie swali, andika jibu?

Mtafiti: Nilisema hivyo?

Nesi: Tena kwa kujisifu, mezani kwangu, chakula kimekujaa mdomoni.

Mtafiti: Bosi wako anarudi saa ngapi?

Nesi: Wakati wowote.

Mtafiti: Sasa unangoja nini? Kimbia!

Nesi: Nakimbia, nakimbia... [anahema] Hujasema neno, kaka. Ahadi yako nzima.

Mtafiti: Achana nayo. Zimenichosha hizi ahadi, mdogo wangu. Natunza siri za watu wasionijua hata jina la ukoo.

Nesi: Nimeingia. Mezani... ipo! Hajaifungua. Nimeichukua.

Mtafiti: Afadhali. Afadhali sana.

Nesi: Kaka, mwenye simu hii naye ameitwa. Nyumba aliyopanga ameshairudisha kwa mwenyewe, anahamia karibu na hospitali. Huyo anakuja, barua yake mkononi, anacheka. Nimwambie nini?

[kimya]

Nesi: Kaka? Haloo? Umenyamaza tena, au salio limekwisha?